Mkimbizi Ataacha Lini Kukimbia?

Mwalimu afundishaye Kiswahili Lodwar au Kakuma hawezi kulikwepa neno mkimbizi. Wengi hudhani limetokana na kukimbiza. La hasha! Asili yake ni kukimbia, kwa kanuni ile ile itupayo mnunuzi kutokana na kununua, na mlezi kutokana na kulea. Zamani mizizi ya vitenzi hivyo iliishia kwa sauti ya l, nayo ilipofuatwa na i ya mtenda ikageuka kuwa z. L hiyo ingali hai katika kukimbilia na kimbilio.

Mkimbizi, basi, ni mtenda: yule akimbiaye. Sasa tulitazame neno la Kifaransa réfugié, ambalo Waingereza walilichukua wakapata refugee. Mzizi wake ni fugere, yaani kukimbia kwa Kilatini, na refugium palikuwa mahali pa kukimbilia. Lilivuma Mfalme Louis wa 14 alipoifuta Amri ya Nantes mwaka 1685, Waprotestanti wa Ufaransa wakatawanyika hadi London na Berlin. Lakini umbo lake si la mtenda, bali la tendo lililokwisha: ni mtu aliyekwisha kupata kimbilio. Mfaransa humtaja kwa mahali alipofika. Sisi twamtaja kwa mbio zake.

Tofauti hiyo si mchezo wa wanaisimu. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, vijana wengi walipokuwa wakiwasili kutoka vita vya Sudan. Baadhi ya waliozaliwa humo sasa ni wazazi. Watoto wao hawajavuka mpaka wowote, nasi twawaita wakimbizi. Sheria inalihitaji jina hilo, kwa kuwa ndilo liwapalo ulinzi, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na insha za shuleni na vichwa vya habari, ambamo ukimbizi wa mtoto hutangulia jina lake.

(Waandishi wa kigeni nao wamezoea kudai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya pasipo mahali. Kiswahili hakina neno hilo. Watu wasio na kikomo cha mbio wamepewa na mahali pasipokuwapo!)

Walimu wa Lodwar na wawaulize wanafunzi wao: aliyezaliwa Kakuma, akasoma Kakuma, aitweje kwa Kiswahili? Mimi ningemwita Mkakuma, na sarufi hainikatazi.