Pesa ya Miwa Isiishie kwa Skrini ya 3D

Wiki hii binamu yangu amenitumia voice note ya dakika sita. Amelipwa miwa. Kwa wale mko Nairobi na hamjui, huku Butula muwa unakaa shambani karibu mwaka na nusu kabla ukatwe, halafu kuna kungoja malipo, kwa hivyo hiyo pesa ikiingia kwa simu si pesa ya kuchezea. Yeye anataka kununua laptopu ya gemu. Mpaka hapo niko naye kabisa. Shida ni kwamba ameona video ya msee fulani wa ng'ambo akicheza kwa laptopu yenye skrini ya 3D, zile hazitaki hata miwani, na sasa ameambia watu wote wa Bumala kwamba hawezi kununua "skrini flati kama ya shule."

Nimemwambia hapana. Akaniambia nina wivu. Basi wacha niandike hapa, maana najua si yeye pekee, inbox yangu imejaa hilo swali.

Kwanza mjue hicho kitu kinafanya nini. Macho yako yameachana kama sentimita 6, kwa hivyo kila jicho linaona dunia kutoka upande wake kidogo. Ubongo unalinganisha hizo picha mbili, ndio unajua kikombe kiko karibu na ukuta uko mbali. Skrini ya 3D inakudanganya hivyo hivyo: kila jicho linapatiwa picha yake. Zamani ilikuwa kwa miwani. Nvidia walileta 3D Vision mwaka wa 2009, dola 199, miwani inayofunga jicho moja na kufungua lingine haraka sana, na ilikuwa lazima uwe na skrini ya hezi 120 ili kila jicho lipate 60. Hizi za sasa, kama Acer Predator Helios 300 SpatialLabs ya 2022, zina tabaka la lenzi nyembamba juu ya skrini, na kamera mbili zinazofuata macho yako. Ukisogeza kichwa, picha inajipanga upya ikufuate.

Soma hiyo sentensi ya kamera tena. Zinafuata macho yako. Yako wewe. Macho mawili, mtu mmoja.

Sasa niambieni, ni nani huku kwetu anacheza gemu peke yake? Ukifungua eFootball kwa nyumba yoyote kati ya Bumala na Busia, kabla halftime kuna watu wanne nyuma yako. Mmoja anakuambia upige pasi, mwingine anakucheka, wa tatu ameshika pedi ya pili, mtoto wa jirani amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa gemu, kwa kibanda cha PS, pesa kwa mechi, aliyefungwa anaondoka. Sasa lete skrini ambayo ni mtu mmoja tu anaona vizuri na wengine wote wanaona picha mbili mbili kama wametoka kunywa busaa. Ati hiyo ndiyo maendeleo?

Na si nadharia. Miaka fulani ndugu yetu mmoja alirudi kutoka Doha na Nintendo 3DS, ile ya kwanza, ya 3D bila miwani. Siku ya kwanza tulipigana kuishika. Ukiishika sawasawa, ukatulia kama unapigwa picha ya kitambulisho, ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Ukiinamisha mkono kidogo inaharibika. Aliyekaa kando haoni kitu. Siku ya pili kile kiswichi cha 3D kilishushwa hadi sifuri, na sikumbuki kikipandishwa tena. Tuliendelea kuicheza miezi, flati.

Nintendo wenyewe waliona hivyo. 3DS ilitoka 2011 ikiuzwa Marekani dola 249.99, na mwaka huo huo, Agosti, wakaishusha hadi 169.99. Ilipofika 2013 wakatoa 2DS, gemu zile zile, bila 3D kabisa. LG na Sony waliacha kutengeneza TV za 3D mwaka wa 2017. Nvidia nao walikata 3D Vision kwa programu zao 2019, na kama ulikuwa umenunua miwani ukabaki na miwani. Kila miaka kadhaa hiki kitu kinafufuliwa na jina jipya. Mwaka wa 2025 Samsung wameuza monita ya Odyssey 3D karibu dola 2,000, bado ya mtu mmoja na kamera za macho.

Mtu ataniambia, lakini 3D inakufanya ucheze vizuri, unaona umbali. Hapana bana. Ile tofauti ya picha za macho mawili inasaidia sana vitu vya karibu, kama kutia uzi kwa sindano. Kitu kikienda mbali tofauti inakuwa ndogo mpaka ubongo unategemea vingine: kivuli, ukubwa, vile kitu kinapita nyuma ya kingine, vile kinasonga. Hivyo vyote viko kwa skrini ya kawaida tayari. Adui wa Fortnite aliye juu ya kilima kule hutampiga haraka ati kwa sababu kilima kimetoka nje ya skrini. Utampiga haraka kama fremu zako haziganda.

Na hapo ndipo 3D inakuumiza. Kompyuta inabidi ichore kila tukio mara mbili, jicho la kushoto na la kulia. Kazi inakaribia kuwa maradufu, kwa hivyo fremu zinashuka, na gemu nzito unaweza kujikuta karibu na nusu ya ulizokuwa nazo. Pikseli pia zinagawanywa. Ile 4K uliyolipia, pikseli 3,840 kwa upana, kila jicho linapata nusu. Ongeza kwamba macho yanalenga skrini yenyewe huku yakiambiwa kitu kiko mbele au nyuma yake, ndiyo maana watu wengine wanaumwa kichwa baada ya nusu saa. Kuna hata wenye macho ambayo hayaunganishi picha mbili kabisa. Hao wanalipa bure.

Tuje kwa doo. Ile Helios ya 3D ilipotoka ilikuwa zaidi ya dola 3,000. Piga hesabu ya shilingi, unapita laki tatu na nusu hata kabla ya usafiri na ushuru. Kwa hiyo bei unapata laptopu mbili za kawaida zenye RTX 4060. Mbili! Moja uicheze, nyingine ufungue kibanda.

Lakini pia sitaki mkimbie 3D mkaanguke kwa shimo lingine, maana mimi nilianguka. Laptopu yangu ya kwanza nililipia na zile pesa nilibaki nazo nilipoacha chuo. Nilisoma jina tu: RTX 3060. Nikasema nimefika. Hakuna aliyeniambia kwamba jina moja linaweza kuwa vitu tofauti. RTX 3060 ya laptopu inaweza kupewa wati 60 na mtengenezaji mmoja, na mwingine akaipa 115. RTX 4060 ni mbaya zaidi, kutoka wati 35 hadi 115. Yangu ilikuwa nyembamba, nzuri, ya wati kidogo. Baada ya dakika ishirini ya GTA inapata joto kama jiko la makaa na fremu zinaanguka. Muuzaji aliniambia, "Si ni RTX?" Ni kweli, ilikuwa RTX.

Kwa hivyo ukienda dukani, iwe Luthuli au ng'ambo ya mpaka, usikubali kuonyeshwa gemu ya dakika tano. Fungua Nvidia Control Panel usome nguvu ya juu ya kadi kwa wati. Icheze nusu saa na chaja ikiwa imechomekwa, kwa sababu kwa betri hakuna laptopu ya gemu inakuonyesha ukweli. Uliza kama RAM inaongezwa. GB 16 ndiyo mwanzo, na vijiti viwili vya 8 ni afadhali kuliko kimoja cha 16. Skrini ya 1080p ya hezi 144 inatosha kabisa. Na ukinunua Kampala kwa sababu imeshuka bei, kumbuka feni ikianza kulia waranti iko Kampala, kama kilomita 200 kutoka Busia, si kwa yule jamaa wa kubadilisha pesa pale mpakani.

Kitu kingine ambacho wale wa video za ng'ambo hawasemi, kwa sababu hakiwahusu: huku laptopu ya gemu si ya gemu peke yake. Yangu inaedit harusi. Inarusha mazishi laivu kwa wale wako Qatar na hawawezi kufika. Mwezi wa sita ukifika inajaza ritani za KRA za nusu ya kijiji. Hiyo kadi ya grafiki na hiyo RAM ndizo zinanilipa, ndizo zinanunua tokeni za stima. Nionyesheni mteja mmoja Butula aliyewahi kuniambia anataka video ya harusi kwa 3D ambayo ni yeye pekee anaweza kuiona, bibi yake akiwa amekaa kando anaona ukungu.

Kuna wanaoihitaji, sikatai. Ukiwa unachora majengo au unatengeneza vitu vya 3D kwa kazi na kuna anayekulipa, nunua. Ukitaka 3D ya gemu kweli, kusanya pesa ya kofia ya VR. Hiyo ni ya mtu mmoja pia, lakini angalau haijifanyi ni skrini, na ukichoka unaivua, laptopu inabaki laptopu.

Haya yote nilimwelezea binamu yangu kwa voice note, yangu ilikuwa dakika kumi na moja. Amejibu asubuhi. Amesema "sawa bro, nimekuskia." Halafu akaniuliza kama hiyo ya 3D inapatikana kwa rangi nyeupe.