Malewa si aibu, aibu ni dharau yetu



Kuna neno linalorudi kila mara wazee na wasomi wanapokaa kuzungumza juu ya mila: eti vijana wameharibika kwa sababu wanakula barabarani. Eti mtu mwenye adabu anakula kwake, na chakula ni cha kumpa mgeni, si cha kuuza. Mimi nasema wazi: neno hilo ni tamu kwa masikio, lakini si kweli. Tena linamuumiza mtu asiyestahili, yaani mama wa malewa.

Wote tunamjua. Anayetoka Sake akapanda Mushaki kuelekea Masisi-Centre, akifika Lushebere tumbo linamkumbusha. Kando ya barabara kuna meza, benchi moja, jiko la makala na moshi. Baridi ya milima inauma. Unapewa viazi vya moto na maharagwe, au mahindi ya kuchoma, au mikate iliyotoka kwa mafuta sasa hivi, na pilipili ya kutoa machozi. Dereva wa pikipiki anafungiwa chake, anaondoka nacho. Asiye na franka anaambiwa: "Kula kwanza, baba, utalipa ukirudi." Huo si ukarimu? Tunataka mila gani zaidi ya hiyo?

Wengine watajibu: vyakula hivyo si vya asili. Basi tuwaulize, vya asili ni vipi? Viazi, mahindi, maharagwe na muhogo wa bukari, vyote mbegu yake ilitoka Amerika. Sambaza wa ziwa Kivu waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata fromaji ya Masisi tunayojivunia, ufundi wake uliletwa na mapadri wa Ulaya. Wazee wetu walipokea, wakapika kwa namna yao, ikawa yetu. Kwa nini mama wa leo akatazwe kufanya kama wao?

Tutazame mbali kidogo, Korea ya Kusini, nchi tunayoijua kwa simu na magari. Vita vyao vya 1950 hadi 1953 viliacha njaa kubwa. Karibu na kambi za Wamarekani, watu walichukua nyama ya mikebe ya askari, wakaichemsha na pilipili yao. Mchuzi huo unapendwa mpaka leo. Mjini Seoul, mwaka 1953, mama mmoja, Ma Bok-rim, alianza kuuza barabarani, mtaa wa Sindang-dong, vipande vya mkate wa mchele katika mchuzi mwekundu wa pilipili. Wanaviita tteokbokki. Leo mtaa huo una sifa kwa chakula hicho, na Mkorea haoni haya kumpeleka mgeni huko. Chakula cha shida kimekuwa fahari ya taifa. Sisi je? Tangu 1993 Masisi inakimbia na kurudi. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-Centre, watu wakabeba mizigo tena. Mwanamke aliyeacha shamba kwa sababu ya bunduki anabaki na sufuria yake tu. Kwa sufuria hiyo analisha watoto na kulipa shule. Halafu sisi, tuliokula na kushiba, tunamwita mharibifu wa mila!

Na angalieni nani anakaa kwenye lile benchi. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mtembo, Mnyanga aliyetoka Walikale: wote wanapakuliwa kutoka chungu kimoja. Sisemi benchi linamaliza vita. Nasema ni mahali pachache vilivyobaki ambapo mtu anapewa sahani kabla ya kuulizwa jina la ukoo wake. Hapo mila yetu ya kupokea mgeni bado inapumua.

Kosa lipo, sitalificha. Maharagwe ya moto kutiwa katika mfuko wa plastiki, hapo wazee wana haki ya kulalamika. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa amri ya Desemba 2017, lakini ingali mikononi mwetu. Migomba imejaa, na mama zetu walifunga chakula kwa majani yake. Hiyo njo mila ya kurudisha. Tumwambie mama wa malewa hivyo kwa heshima, tena tumpelekee majani.

Mwisho, nageukia sisi wenyewe wa mashirika ya utamaduni. Sikukuu zetu tunazifungua kwa hotuba juu ya asili, halafu tunakula mchele uliovuka bahari na kunywa soda ya mjini. Sikukuu ijayo, hela hiyo tuipeleke kando ya barabara. Tununue viazi vya Lushebere kwa mama aliyevipika, tukae naye kwenye benchi, tule. Asiyeweza kufanya hivyo asitufundishe tena mila.