Hesabu za Klabu Zisomwe Mbele ya Wanachama

Tarehe 8 Machi 2025 wapenzi wengi wa kandanda walikuwa wamekwisha kununua tiketi zao, na wengine walikuwa wamekwisha wasili Dar es Salaam kutoka mikoani, wakati Bodi ya Ligi ilipotangaza kwamba mchezo wa Yanga na Simba uliokuwa uchezwe siku ile ile umeahirishwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ilieleza kwamba imezuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikatangaza kuwa haitacheza. Yanga nayo ilishikilia kwamba mchezo upo pale pale. Ulikuja kuchezwa tarehe 25 Juni 2025, na Yanga ikashinda kwa mabao 2 kwa 0.

Haturejei habari hiyo ili kuamua nani alikuwa na haki. Wenye kazi hiyo wapo. Tunairejea kwa sababu katika muda ule wa siku zaidi ya 100 yalitolewa matamko kutoka pande zote, barua zilisomwa hadharani, na wanasheria walisikika; lakini mwanachama mwenye kadi yake ya klabu, ambaye katiba zote mbili zinamwita mwenye mali, alikuwa msikilizaji tu kama jirani yake asiye na kadi. Mtu aliyelipa nauli ya basi kutoka Mwanza au Mbeya alirudi kwao bila ya kujua amwulize nani.

Hilo ndilo linalotusukuma kuandika leo. Malalamiko ya wapenzi wa klabu zetu kuhusu namna zinavyoendeshwa si mapya, wala hayatokani na wivu wa waliokosa vyeo kama wanavyodai baadhi ya viongozi kila wanapoulizwa. Ni malalamiko ya watu wanaodai kitu chao.

Yafaa tukumbushane kitu hicho kilitoka wapi. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, katika Dar es Salaam ya mkoloni, na vijana waliokuwa hawana bwana wa kuwalipia mipira. Simba imepita katika majina ya Eagles, Queens na Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Majengo ya klabu hizo katika Mtaa wa Msimbazi na pale Jangwani hayakushushwa kutoka mbinguni. Watu walichanga, na Mzee Abeid Amani Karume alikuwa miongoni mwa waliosaidia ujenzi wa jengo la Yanga. Mchukuzi wa Kariakoo, karani wa bandarini na mwalimu wa shule ya msingi walikaa benchi moja wakahesabu senti. Ugomvi ulikuwapo, tena mkubwa. Pan African ilizaliwa mwaka 1976 kutokana na mgogoro ndani ya Yanga, muda mfupi tu baada ya klabu hiyo kuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Lakini hata ugomvi ule ulikuwa wa wanachama wenyewe, waliogombana juu ya jambo walilokuwa wanalijua.

Siku hizi fedha ni nyingi kuliko wakati wowote. Mwaka 2021 kampuni ya Azam Media iliingia mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Mwaka 2022 Simba ilitangaza mkataba wa udhamini na M-Bet wa zaidi ya shilingi bilioni 26 kwa miaka 5, na Yanga ikatangaza mkataba na SportPesa wa zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa miaka 3. Ongeza viingilio vya mlangoni, jezi, ada za wanachama, zawadi za mashindano ya Afrika, na mauzo ya wachezaji. Sisi hatusemi kwamba fedha hizo zimeliwa. Tunasema kwamba mwanachama wa kawaida anajua tarakimu ya siku ya kutia saini, kwa kuwa siku hiyo huitwa wapiga picha, lakini hajui tarakimu ya mwisho wa mwaka.

Wasomaji wetu wengi ni watumishi wa Serikali na walimu, na wanaelewa vizuri zaidi kuliko wengine uzito wa jambo hili. Mtumishi akipewa masurufu ya safari ya siku mbili kwenda wilayani, asipoleta marejesho na stakabadhi zake hukatwa katika mshahara. Mwalimu mkuu akipokea ruzuku ya shule hubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, na mzazi yeyote akipita anaweza kusimama akasoma. Lakini watu hawa hawa, wanaoweza kumkesha mhasibu kwa ajili ya risiti moja ya mafuta, wakishaingia katika mkutano mkuu wa klabu huridhika kusomewa jumla mbili tatu, kisha wakapiga makofi na kwenda kula. Tunajua kwamba wengine watakasirika kusikia hivyo. Afadhali wakasirike.

Kumekuwapo na tabia moja ambayo kwa maoni yetu ndiyo imewazoesha watu kutouliza, nayo ni tabia ya kumtegemea mfadhili. Klabu ikipungukiwa hutafutwa mtu mmoja mwenye uwezo, naye hulipa mishahara, hulipa kambi, hulipa nauli za ndege, na kwa kuwa analipa yeye hapana anayethubutu kumwuliza kitu. Agosti 2016 wanachama wa Yanga waliridhia katika mkutano mmoja kwamba timu na nembo yake zikodishwe kwa miaka 10 kwa kampuni ya mwenyekiti wao, Ndugu Yusuf Manji, ambaye sasa ni marehemu. Mamlaka za michezo zilipinga na jambo hilo halikuendelea. Mwaka 2017 Ndugu Manji alijiuzulu. Msimu wa 2018/19 klabu iliyokuwa na mashabiki nchi nzima ilikuwa inapitisha bakuli ili kupata fedha za kuwalipa wachezaji. Hatumlaumu mtu aliyetoa mali yake. Alitoa, na mataji yalikuja. Tunauliza ilikuwaje klabu yenye umri wa miaka zaidi ya 80 isiwe na hazina yake yenyewe siku mtu mmoja alipoondoka.

Ni kweli kwamba tangu hapo pamekuwa na mabadiliko. Kanuni za michezo zilirekebishwa mwaka 2017, zikaweka kwamba klabu ya wanachama ikigeuka kuwa kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa, na mwekezaji asizidi asilimia 49. Desemba 2017 wanachama wa Simba walitangaziwa kwamba Ndugu Mohammed Dewji ndiye aliyeshinda zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Juni 2021 wanachama wa Yanga nao walipitisha katiba mpya ya kufuata njia hiyo hiyo. Kwa maandishi, basi, mwenye klabu ni mwanachama.

Lakini asilimia 51 ya nani? Hapa ndipo penye kiini cha wasiwasi wa watu, na hapa viongozi hupita mbio. Hisa haziwezi kuwa za umati. Ni lazima pawe na daftari la wanachama lenye majina, namba na tarehe, linaloweza kukaguliwa tawini, ili ijulikane nani ana haki ya kupiga kura na nani alikuja kushangilia tu. Kama daftari hilo ni la siri, au linafunguliwa wakati wa uchaguzi na kufungwa baada yake, basi mwenye asilimia 49 aliye mtu mmoja na anayejua anachotaka atakuwa na nguvu kuliko wenye asilimia 51 wasiojuana. Hilo halihitaji hila yoyote kutoka kwa mwekezaji. Litatokea lenyewe. Aidha, kesi iliyosikika sana mwaka 2024, ambayo baadhi ya wanachama wa Yanga walikuwa wameifungua katika mahakama ya Kisutu kupinga uhalali wa katiba ya klabu, ilionyesha jinsi swali la katiba ipi inatumika na wadhamini ni akina nani linavyoweza kukaa miaka bila jibu ambalo kila mmoja analikubali. Wengi waliwacheka wazee wale. Sisi hatukuona la kuchekwa katika mwanachama anayekwenda mahakamani badala ya kurusha mawe.

Iko sababu nyingine inayowanyamazisha watu, nayo ni ushindi. Simba ilitwaa ubingwa mara 4 mfululizo, tangu msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na katika miaka hiyo aliyeuliza habari za hisa aliitwa msaliti. Kisha Yanga ikatwaa mara 4 mfululizo, tangu 2021/22 hadi 2024/25, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na upande wake nako maswali yakapungua. Katika muda huo ni wa Simba waliokuwa wanauliza, hata Juni 2024 wajumbe wa bodi upande wa mwekezaji wakajiuzulu na Ndugu Dewji akarudi katika uenyekiti wa bodi. Ina maana mkaguzi wa hesabu wa klabu zetu ni mshambuliaji wa kati. Akifunga, hesabu ni safi. Akikosa, viongozi ni wezi. Yote mawili si haki, wala viongozi waaminifu hawanufaiki nayo.

Hata hivyo tusidhani kwamba jambo hili ni la Kariakoo peke yake. Wapenzi wa klabu hizo mbili wana magazeti na redio za kuwasemea. Wa Mbarali je? Ihefu ilikuwa timu ya Ubaruku, katika mashamba ya mpunga ya Mkoa wa Mbeya, na mwezi Novemba 2022 pale pale kwao iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kuukatisha mwendo wa michezo 49 bila kufungwa. Siku ile Mbarali ilijulikana na watoto wa shule nchi nzima. Mwaka 2024 timu hiyo ilihamia Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Singida ilikuwa na timu nyingine, nayo ikabadili jina na kuhamia Babati. Sheria huenda ilifuatwa, na wenye timu walikuwa na sababu zao za fedha. Lakini tunamfikiria mwalimu wa Ubaruku aliyekuwa akiwapeleka wanafunzi wake uwanjani siku za Ligi Kuu: ni nani aliyemwita, hata kwa adabu tu, akamweleza kwamba timu inaondoka?

Jambo kama hilo lilitokea Uingereza mwaka 2002, klabu ya Wimbledon iliporuhusiwa kuhama London kwenda Milton Keynes. Mashabiki walikataa, wakaunda klabu yao wenyewe mwaka ule ule, wakaanzia madaraja ya chini kabisa, na mwaka 2011 wakawa wamepanda hadi katika ligi za kulipwa. Ujerumani tangu mwaka 1998 wana kanuni inayotaka wanachama wabaki na wingi wa kura katika klabu, na Februari 2024 mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki hadi viongozi wa ligi wakaacha mpango wa kuleta mwekezaji. Uingereza yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuunda msimamizi huru wa kandanda, na sheria hiyo inazitaka klabu ziwashauri mashabiki wao katika mambo makubwa. Hatusemi tuige kila kitu cha Ulaya, na mipira ya tenisi hatuipendekezi. Ila hao ni watu wenye fedha nyingi kuliko sisi, na bado wameona kwamba fedha isiachwe iamue peke yake.

Gazeti hili haliwapingi wawekezaji. Bila ya mtaji klabu zetu zitarudi kwenye bakuli, na hakuna mwenye akili anayetaka kuona mchezaji wa timu ya Taifa anadai mshahara wa miezi mitatu. Wala hatutaki Serikali iingie kila siku katika mambo ya klabu. Tunachotaka kinaweza kufanywa na viongozi waliopo, katika mwaka huu, bila ya kubadili sheria hata moja. Hesabu zilizokaguliwa zipelekwe matawini angalau siku 30 kabla ya mkutano mkuu, ili mhasibu wa halmashauri aliye mwanachama wa tawi la Tabora azisome kwa utulivu na kuwaeleza wenzake zinasema nini. Daftari la wanachama libandikwe katika kila tawi. Mkataba wowote unaogusa jina, nembo, uwanja au makao ya timu upigiwe kura na wanachama kwanza, ndipo utiwe saini.

Na katika mkutano mkuu wenyewe ajenda ya hesabu iwe ya kwanza. Kwa kawaida huwekwa mwishoni, baada ya risala, nyimbo, utambulisho wa wageni na ugawaji wa fulana, wakati wajumbe kutoka mikoani wanatazama saa kwa sababu ya mabasi yao.