Kibali Hukoma, Ulemavu Haukomi

Ndugu askari, tunapomtaja majeruhi wa vita, fikra zetu huenda upesi kwenye medani na hospitali. Ni mara chache tunamfuata hadi mwaka wa kumi, siku anapotafuta mahali pa kuegesha gari mbele ya zahanati ilhali kila hatua humtia maumivu. Leo twapenda kulichambua jambo hilo kama linavyoendeshwa nchini Uingereza, kwani mna funzo ndani yake kwa kila avaaye sare.

Mwaka 1970 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya wagonjwa wa kudumu na walemavu. Kutokana nayo, kibali cha kuegesha magari kwa walemavu kilianza kutolewa mwaka 1971, kikiwa cha rangi ya chungwa. Tangu mwaka 2000 ni cha rangi ya buluu. Kibali hicho ni cha mtu, wala si cha gari: mwenyewe hukitumia akiendesha au akiendeshwa. Katika England na Wales humruhusu kuegesha hata penye mistari ya manjano kwa muda usiozidi saa tatu, mradi mahali hapo hapakukatazwa kupakia na kupakua mizigo.

Anayekitoa ni halmashauri ya mahali anapokaa mlemavu. Lakini mara nyingi ufunguo umo mikononi mwa ofisi nyingine, yaani Wizara ya Kazi na Pensheni, inayoamua nani apewe posho ya ulemavu. Posho mpya ilianzishwa mwaka 2013 kwa watu wazima wa umri wa kufanya kazi, na hupimwa kwa alama. Aliyepata alama 8 au zaidi katika kipimo cha kutembea, kwa kuwa hawezi kwenda zaidi ya meta 50, hustahili kibali bila ya kupimwa tena na halmashauri. Tangu mwaka 2019, katika England, anastahili pia yule ambaye hofu na mfadhaiko mkubwa wa moyo humzuia kutoka nyumbani. Askari nao wana mlango wao: wapokeao nyongeza ya usafiri katika pensheni ya vita, na waliolipwa fidia ya jeshi katika ngazi ya 1 hadi ya 8, ikiwa imethibitishwa kwamba ulemavu wao ni wa kudumu na huwazuia sana kutembea.

Hadi hapo mpango ni mzuri. Fundo liko kwenye kukifanya upya. Kibali hakizidi miaka mitatu, na hakijifanyi upya chenyewe. Kila mara mwenyewe hana budi kuomba tena, akipeleka picha, uthibitisho wa jina na makazi yake, na barua ya posho. Zaidi ya hayo, ikiwa kibali kilitolewa kwa sababu ya posho, na posho hiyo inakoma kabla ya miaka mitatu, kibali nacho hukoma siku ile ile. Je, uamuzi mpya wa posho ukichelewa? Mlemavu hubaki na barua iliyokwisha muda, halmashauri humdai barua mpya, na wizara bado inapekua majalada. Kati ya ofisi mbili zenye magari na simu, asiyeweza kutembea ndiye anayefanywa tarishi!

Hata hivyo, sisi tulinda sheria hatuwezi kuidharau tarehe ya mwisho. Wapo watu wanaotumia vibali vya jamaa waliokwisha fariki, na wengine huviazima ili waegeshe karibu na maduka. Ndiyo maana polisi na wakaguzi wa maegesho wana haki ya kutaka kukiona kibali, na sheria ya mwaka 2013 iliwapa wakaguzi uwezo wa kukitwaa. Anayekitumia vibaya aweza kutozwa faini hadi pauni 1,000. Isitoshe, yapo majeraha yanayopona.

Lakini twaona kwamba maswali mawili tofauti yamefungwa katika furushi moja. Swali la kwanza ni hili: mwenye kibali yu hai, na kibali kimo mikononi mwake? Hilo lafaa kuulizwa kila baada ya miaka mitatu. Swali la pili: je, anaweza kutembea? Kwa aliyekatwa miguu yote miwili, hilo lilijibiwa siku ile ile ya mkasi wa daktari. Kumtaka alijibu tena kwa barua na picha hakumnasi mdanganyifu hata mmoja. Humchosha mkweli tu. Haki ni kwamba ofisi iliyoamua ndiyo iiarifu ofisi inayotoa, na kibali cha zamani kiendelee kuheshimiwa mpaka uamuzi utoke.

Jambo jingine ni la kujua haki. Posho ya juu kabisa ya usafiri hudai alama 12, na kibali hudai 8 tu. Kwa hiyo aliyepunguziwa posho asikate tamaa na kukitupa kibali. Hata aliyenyimwa posho kabisa aweza kuiomba halmashauri impime kwa ushahidi wake mwenyewe.

Ndugu zetu, yatupasa nini? Kamanda na aandike jeraha la askari wake siku lilipotokea, kwa maana karatasi ya siku hiyo ndiyo itakayomtetea uzeeni. Askari na aitunze kama atunzavyo silaha. Na polisi amwonaye mtu akishuka garini bila gongo asifanye haraka kumwita mwongo, kwani majeraha ya moyo hayafungwi bendeji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; na katika kazi yetu hii, hakuna ajuaye nani atakilalia kesho.