Pinotage: Zabibu ya Afrika iliyotemwa na wajuzi yarejeshewa heshima

MWAKA 2025 ulitimiza karne moja tangu Profesa Abraham Izak Perold wa Stellenbosch, Afrika Kusini, aoanishe aina mbili za zabibu zisizofanana hata kidogo na kupata mche mpya ambao haukuwa na jina.

Katika karne hiyo, chotara huyo aliyekuja kuitwa Pinotage amesahauliwa kwenye magugu, akatuzwa, akatukanwa, kisha akatuzwa upya. Leo chupa za mvinyo wake mwekundu kutoka mashamba ya kale ya Stellenbosch zinauzwa kwa bei ambayo miaka 40 iliyopita ingechekwa.

Mnunuzi anayesimama mbele ya rafu za mvinyo katika maduka makuu ya Nairobi hulikuta jina hilo miongoni mwa chupa za Afrika Kusini. Ni rahisi kulipita na kunyoosha mkono kwa Merlot au Cabernet Sauvignon, majina ya Ufaransa ambayo yamezoeleka. Anayelipita anaiacha zabibu nyekundu maarufu kuliko zote zilizobuniwa katika ardhi ya Afrika.

Perold alikuwa profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu Stellenbosch. Mwaka 1925 aliichanganya Pinot Noir, zabibu tukufu ya Burgundy ambayo ni dhaifu na yenye kudeka shambani, na Cinsaut, zabibu sugu inayozaa kwa wingi na ambayo wakulima wa Rasi waliiita Hermitage. Kutokana na majina hayo mawili likaundwa moja. Yaaminika alitarajia mtoto arithi utamu wa mzazi mmoja na uvumilivu wa mwingine.

Mbegu zilizopatikana zilikuwa nne tu. Perold alizipanda katika bustani ya nyumba yake, na alipohama mwaka 1927 kwenda kufanya kazi katika shirika la wakulima wa mvinyo, KWV, bustani ikavamiwa na magugu. Inasimuliwa kwamba mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alipita hapo wakati vibarua wakijiandaa kufyeka na akaiokoa miche hiyo. Mvinyo wa kwanza wa Pinotage ulitengenezwa Elsenburg mwaka 1941. Perold alifariki mwaka uo huo.

Mwanzo ulikuwa wa kutia moyo. Mwaka 1959 mvinyo wa Pinotage kutoka shamba la Bellevue ulitwaa ubingwa katika maonyesho ya mvinyo mchanga ya Rasi, na mwaka 1961 shamba la Kanonkop likafanya vivyo hivyo. Wakulima walikimbilia kuupanda. Lakini wahenga hawakukosea kunena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mashamba yalinyweshwa maji kupita kiasi ili yazae tani nyingi. Hata hivyo, si haki kumtwika mkulima lawama zote. KWV, iliyoundwa mwaka 1918, ilipewa na serikali mamlaka makubwa juu ya bei, na kuanzia mwaka 1957 ikasimamia pia mgao wa kiasi ambacho kila shamba liliruhusiwa kuzalisha. Ziada iliishia kwenye mitambo ya kutengeneza pombe kali. Chini ya utaratibu huo, aliyehangaika kuvuna zabibu chache zilizo bora hakulipwa jasho lake. Mgao huo haukufutwa hadi mwaka 1992.

Kisha kuna tabia ya zabibu yenyewe. Pinotage huwahi kuiva na hubeba sukari nyingi. Juisi yake huchachuka kwa kasi na kutoa joto jingi. Joto hilo lisipodhibitiwa, mvinyo hutoka na harufu ya ndizi mbivu iliyochanganyika na rangi ya kucha, na ukakasi wenye uchungu unaobaki kooni. Wakati vyumba vingi vya mvinyo havikuwa na vifaa vya kutosha vya kupooza matangi, matokeo hayo hayakuwa ajabu.

Katika miaka ya 1970, wataalamu kutoka Uingereza walizuru Rasi na kuuonja mvinyo huo. Hukumu yao ilikuwa kali. Maneno yanayokumbukwa hadi sasa ni yale yaliyoilinganisha ladha yake na misumari yenye kutu. Hukumu hiyo ilisambaa kuliko mvinyo wenyewe, hasa kwa kuwa vikwazo dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi vilifuata, na walaji wa ng'ambo hawakupata nafasi ya kujionjea. Baadhi ya wakulima wa Rasi walianza kuing'oa mizabibu yao na kupanda aina za Ufaransa.

Wataalamu hao hawakusema uongo kuhusu kilichokuwa ndani ya glasi. Kosa lilikuwa la waliochukua kasoro ya shamba na chumba cha mvinyo wakaifanya kuwa asili ya zabibu. Tunda halina uwezo wa kujitetea.

Aliyelitetea ni Beyers Truter wa Kanonkop. Mwaka 1991 alitawazwa mtengenezaji bora wa mvinyo duniani katika shindano la kimataifa jijini London, na Pinotage ndiyo iliyombeba. Mwaka 1995 wazalishaji waliunda chama chao, na miaka miwili baadaye wakaanzisha shindano la kila mwaka la kuteua Pinotage kumi bora.

Hapakuwa na siri kubwa katika mageuzi hayo. Mizabibu iliachwa ikue kama vichaka vifupi bila nyaya za kuitegemeza, mavuno yakapunguzwa kwa makusudi, maganda yakazamishwa ndani ya juisi mara kwa mara mchana na usiku, joto likalindwa, na mapipa ya mwaloni yakapewa muda wa kufanya kazi yake. Mvinyo unaotokana na uangalifu huo una rangi nzito, harufu ya zambarau na forosadi, moshi kidogo, na ukakasi unaolainika kadiri miaka inavyopita. Zipo chupa zinazotunzwa kwa miaka 20 na zaidi.

Kwa anayeuonja mara ya kwanza, joto la mchana ni adui. Mwekundu huu ukimiminwa ukiwa vuguvugu, pombe hupanda puani na kufunika matunda. Ukipoozwa kidogo, robo saa hivi ndani ya jokofu, hujieleza vizuri zaidi. Kwao huandamana na nyama ya kuchoma kwenye makaa, na hapo Mkenya hahitaji mkalimani.

Ndani ya ukoo wenyewe, hata hivyo, kuna mgogoro. Mwaka 2001 shamba la Diemersfontein, Wellington, lilitoa Pinotage yenye harufu nzito ya kahawa na chokoleti, kazi ya mtengenezaji Bertus Fourie. Hakuna kahawa iliyotiwa humo. Harufu hutokana na aina ya hamira na mwaloni uliobanikwa sana. Wanywaji wapya waliipenda mno, na wengine wakaiga. Wapinzani wanasema zabibu imevishwa barakoa siku ileile iliyopewa ruhusa ya kuonyesha uso. Hoja hiyo ina uzito, ingawa ni dhahiri kwamba kahawa hiyo imewavutia watu ambao wasingeligusa jina la Pinotage kamwe.

Yapo pia ambayo wapenzi wa mvinyo hawapendi kuyatia midomoni. Kwa vizazi kadhaa vibarua wa mashamba ya Rasi, wengi wao wazao wa watumwa na wenyeji waliopokonywa ardhi, walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo duni. Desturi hiyo ilipigwa marufuku, lakini mabaki yake yaliendelea kwa miongo, na mkoa wa Western Cape ungali na viwango vya juu mno, hata kwa kulinganishwa na dunia nzima, vya watoto wanaozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tumboni mwa mama.

Novemba 2012 vibarua wa zabibu za kula huko De Doorns waligoma, na mgomo ukasambaa katika mashamba mengine ya mkoa. Ujira wa chini ulikuwa randi 69 kwa siku. Uliongezwa hadi 105 mwaka uliofuata. Heshima iliyorejeshewa zabibu haijawafikia kwa kiasi sawa wanaoikata kwa mikono yao kila Januari na Februari.

Mizabibu yenyewe nayo haina hakika ya kesho. Eneo la mashamba ya mvinyo nchini Afrika Kusini limekuwa likipungua kwa miaka mingi na sasa ni chini ya hekta 90,000. Pinotage huchukua takribani asilimia saba. Ile iliyopandwa miaka ya 1950, kama ya Bellevue na Kanonkop, ndiyo itoayo mvinyo wenye kina, lakini huzaa tani chache sana kwa hekta. Tangu mwaka 2016 mradi wa kuhifadhi mizabibu ya zamani umekuwa ukitambua mashamba yenye umri wa miaka 35 au zaidi, na chupa zake hubeba muhuri unaoonyesha mwaka wa kupandwa ili mnunuzi ajue anacholipia.

Wenye majina makubwa wanaweza kuitunza mizabibu hiyo kwa sababu wanauza chupa. Mkulima mdogo anayeuza zabibu kwa uzani, na ambaye jirani yake amepanda machungwa au matufaha ya kuuzwa nje, hupiga hesabu zake upya kila baada ya mavuno.