Takrima, Kura na Mizani

Ndugu Waislamu, neno takrima tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kumkirimu mgeni. Siasa zikaligeuza. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliihalalisha takrima kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006.

Kwa kijana wa Nyarugusu au Kahama ashindaye shimoni bila uhakika wa gramu moja, fulana na noti vina uzito, nasi hatumlaumu kwa njaa yake. Lakini anayenunuliwa kupiga kura hununulika pia kupiga watu. Na Mtume (S.A.W.) alimlaani mtoaji rushwa pamoja na mpokeaji, jambo ambalo wenye fedha hupenda kulisahau.

Hata hivyo, rushwa siyo chanzo pekee. Damu iliyomwagika tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, kwa maoni yetu, ilitokana zaidi na watu kuona mlango umefungwa: CHADEMA haikuwemo, Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na Luhaga Mpina, mwana wa Usukuma huu huu, alienguliwa. Wazazi, kijana wa namna hiyo hatulizwi kwa mawaidha matupu. Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, mchimbaji hutaka mizani isomwe mbele ya macho yake. Kura yake nayo anataka ihesabiwe hivyo hivyo.