SARE YA KAZI NI JUU YA NANI?

Ndugu Waislamu, katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo walilipwa nguo: merikani na kaniki. Nguo ndiyo ilikuwa ujira. Leo hapa Tabora twasikia kijana akikatwa mshahara kulipia sare ya duka la Muislamu mwenzake. Nguo sasa yala ujira!

Katika hadithi ya Abu Dharr (r.a.), aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliamrisha mtumwa avikwe avaacho bwana wake. Sembuse mwajiriwa huru, tena kwa vazi linalomtangaza tajiri?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo yazuia makato yasiyo na idhini ya sheria wala ridhaa ya maandishi.

Aliyekata na arejeshe, kabla ya Siku isiyofaa mali. Wallahu a'lam.